Sura ya Nne: Mnazi, Maji Moto na Mkonge

Mtu atokaye Takaungu akashika njia ya kaskazini, akapita Kilifi, Matsangoni na Gede hata akafika Malindi, kisha akavuka mto Sabaki kuelekea Mambrui, hukutana na mashamba ya namna mbili ambayo jicho lisilozoea huyadhania kuwa kitu kimoja, maadamu yote ni majani mabichi na yote yana mwenyewe. Walakini hitilafu iliyopo baina yao ni kama hitilafu ya mji na kambi ya askari. La kwanza ni shamba la Mgiriama au la Mswahili, lenye minazi iliyopandwa na babu, mikanju na miembe isiyofuata mstari wowote, na chini yake muhogo, mahindi, kunde, pojo na mbaazi, vikiota bega kwa bega na nyasi na mboga za mwitu ambazo hapana aliyezipanda wala hapana aliyewahi kuzing'oa zote. La pili ni konde lililofyekwa likawa jeupe, likapandwa mmea mmoja safu kwa safu, wa kimo kimoja na umri mmoja, na chochote kingine kichomozacho hapo huhesabiwa kuwa mwizi.

Wataalamu wameandika mengi juu ya namna bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, inavyopungua katika ardhi pale kilimo cha mmea mmoja kinapotanda. Lakini sehemu kubwa ya maandiko hayo yatokana na tambarare za ngano na mahindi za Ulaya na Marekani, na msomaji wa pwani akiyasoma hudhani kwamba ni habari za watu wa ghaibu zisizomhusu. Ilhali ardhi hii yetu, tangu Kilifi hata ng'ambo ya Sabaki, imejaribiwa kilimo hicho mara nyingi katika muda wa miaka mia na sitini, kwa mtama, kwa mpira, kwa mkonge na kwa mahindi, na kila jaribio limeacha alama yake. Katika sura hii nitayapitia majaribio hayo, mengine kwa haraka na mengine kwa kituo, nikishikilia neno moja: kwamba viumbe ambavyo mkulima hakuvipanda, aghalabu si wageni wanaokula bure, bali ni watumishi wasiolipwa ujira, na siku wanapofukuzwa, kazi yao haikomi kuhitajiwa, hununuliwa dukani.

Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ulikuwa magofu yaliyomezwa na vichaka. Mnamo mwaka 1861, katika zama za Sayyid Majid wa Unguja, mji ukafufuliwa. Waarabu, Waswahili na Mahadhrami wakajigawia ardhi nyeusi iliyoko nyuma yake, na kwa mikono ya watumwa vichaka vikafyekwa, ngwe zikapimwa, na katika muda usiotimia miaka ishirini nchi hiyo ikawa ghala ya pwani nzima, majahazi yakipakia mtama, ufuta na kunde kupeleka Unguja na bandari za Arabuni. Katika matajiri wa zama hizo aliyetajika zaidi ni Liwali Salim bin Khalfan, aliyemiliki ardhi na watumwa kwa wingi. Mtama ulitanda kama upeo wa macho unavyofika, na palipotanda mtama walikuja pia walao mtama, hata kazi ya kuamia ndege, ya kukaa juu ya dungu tangu alfajiri hata magharibi ukirusha mawe kwa teo na kupiga kelele, ikawa ni sehemu ya msimu kama kupalilia na kuvuna. Hili ni jambo la kwanza la kulitia moyoni katika habari za mmea mmoja: kwamba hauwafukuzi viumbe wote sawasawa, bali huwafukuza wengi na kuwakaribisha wachache, na hao wachache ni wale wanaopenda kile kile ulichokipanda.

Hata hivyo, insafu yataka nikiri kwamba dhuluma kubwa ya mashamba yale iliwafikia wanadamu zaidi ya ndege. Jembe la mkono halikukata mizizi yote. Ardhi ilipochoka ililazwa, na vichaka vilikuwa karibu, tayari kurudi. Sheria ya mwaka 1907 ilipoukomesha utumwa, mashamba mengi yalikosa watu wa kuyalima, na katika muda mfupi pori likayachukua, na wakulima wa Kigiriama wakaingia kidogo kidogo na kupanda kwa desturi yao. Ardhi iliyoharibiwa kwa jembe yaweza kusamehe. Ile iliyoharibiwa kwa tingatinga, kama tutakavyoona, ina kinyongo kirefu zaidi.

Unguja nako, jirani zetu walipata funzo la namna nyingine. Sayyid Said, aliyetawala kabla ya Majid, alikuwa amewahimiza watu wake wapande mikarafuu kwa wingi, na mikarafuu ikawa ndiyo roho ya kisiwa. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1872 ikapiga tufani moja, ikaiangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na utajiri wa miaka arobaini ukalala chini kwa muda wa saa chache. Pemba iliyopona ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu tangu hapo.

Mpira sina haja ya kuukalia sana. Ulipandwa Malindi na Magarini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati bei yake Ulaya ilipokuwa juu; Wagiriama wakatakiwa kuuhudumia kwa ujira mdogo, wakakataa, na ukaidi wao huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyopelekea vita vya mwaka 1914 vilivyoongozwa na Mekatilili wa Menza. Bei ilianguka mwaka 1913, na biashara ikafa. Lakini kuna kisa kimoja cha mpira ambacho hakijulikani kadiri kinavyostahili. Aina moja ya mpira, ile ya Ceara iliyotoka Brazili na kupandwa sana Tanganyika chini ya Mdachi, kwa nasaba ni ndugu wa muhogo. Muhogo wa pwani ulipokuwa ukiteketea kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ndani ya udongo huku majani yakionekana yana siha, wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, waliuoza muhogo kwa mpira huo, na baada ya vizazi kadhaa vya kuchagua na kuchuja wakapata mbegu iwezayo kuustahimili ugonjwa. Moja katika mbegu hizo ndiyo iitwayo Kaleso hapa kwetu, na huko Tanzania Namikonga. Basi mti uliodharauliwa kama mabaki ya biashara iliyoshindwa ndio uliotia damu mpya katika chakula cha maskini. Hapana ajuaye leo ni mti gani wa kando ya njia utakaohitajiwa kesho, na hiyo ni hoja tosha ya kutoufyeka ovyo.

Mkonge, kwa upande wake, unataka kituo, kwa sababu ndio mmea mmoja uliokaa katika ardhi yetu kwa muda mrefu kuliko yote, na hata leo apitaye Vipingo huuona umepanga safu zake za kijani yenye kijivu pande zote mbili za barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Asili yake ni nchi ya Meksiko. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida ipandwe Tanganyika. Safari ikawa ndefu, na iliyofika Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu, ikatiwa ardhini Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache ndipo ulipoanza mkonge uliokuja kuzifunika Tanga na Morogoro na kuvuka mpaka kuingia Kenya.

Sasa tafadhali msomaji aitazame namna mmea huu unavyozaana. Mkonge hukaa miaka saba, minane, hata kumi na zaidi, ukikatwa majani, kisha hutoa mlingoti mmoja mrefu kupita nyumba, hufanya maua juu yake, na hapo hufa. Maua yakishapukutika, penye vikonyo vyake huchipuka vitoto vya mkonge kwa mamia, vyenye majani tayari, na hivyo ndivyo vinavyookotwa na kupandwa kitaluni. Vitoto hivyo havina baba. Kila kimoja ni yule yule mama, kwa umbo, kwa nguvu na kwa udhaifu. Kwa hiyo shamba la mkonge ni la mmea mmoja kwa maana mbili: aina ni moja, na ndani ya aina hiyo nasaba ni moja. Shamba la mahindi, hata likiwa kubwa namna gani, lina walau hitilafu ndogo baina ya bua na bua. La mkonge halina. Ndiyo sababu ugonjwa ukiujua mmoja umewajua wote. Wataalamu wa Mlingano, Tanga, walipotoa mkonge chotara uliopewa nambari 11648, uzaao majani mengi sana kuliko ule wa zamani, wakulima waliufurahia, na furaha hiyo ilikuwa halali; lakini chotara huyo akaonekana kuwa mwepesi kushikwa na uozo uliopewa jina la pundamilia kwa ajili ya mistari yake, na palipoingia maji yaliyotuama, uozo ukatembea safuni bila kizuizi.

Nisiwe mwenye kuudhulumu mkonge. Haudai dawa nyingi kama pamba, hukaa ardhini miaka mingi bila kulimwa upya, nyasi zaweza kuachwa baina ya safu zake bila kuudhuru, na mlingoti wake ukitoa maua, chozi na nyuki hawaachi kuuzuru. Madhara yake makubwa yalitukia siku ya kwanza, ulipofyekwa msitu wa pwani ili uupishe. Msitu huo zamani ulikuwa ukanda mrefu; leo kipande kikubwa kilichobaki katika Afrika Mashariki yote ni Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba takriban 420, na vipande vidogo vidogo vya makaya ya Mijikenda, kama Kaya Fungo na Kaya Kauma, ambavyo vilinusurika kwa kuwa wazee waliviheshimu na kuvikataza, na ambavyo baadhi yake mwaka 2008 vilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu akimbiaye juu ya majani makavu, anaishi katika Arabuko-Sokoke na katika vichaka vichache vya jirani, wala katika mkonge hana makao, maana chini ya mkonge hakuna majani makavu ya kufukulia wadudu wala ya kujengea kiota chake.

Nimekuja kwenye mnazi, na hapa naomba ruhusa ya kukaa, kwa kuwa kisa chake kinaeleza kwa uwazi kuliko chochote ninachokijua namna watumishi wasiolipwa wanavyofanya kazi na namna wanavyofukuzwa na mtu asiyekusudia kuwafukuza.

Kila mtu wa pwani ajua kwamba nazi haiwi nazi kwa siku moja: huanza upunga, ikawa kidaka, kisha kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Ajua pia kwamba vidaka vingi huanguka kabla ya kufika popote, na mwenye shamba akivikuta vimetapakaa chini ya mnazi husema ni upepo, au ni jua, au ni jicho la jirani. Katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita, mtaalamu wa wadudu wa Kiingereza, Michael Way, alilichunguza jambo hili Unguja, akathibitisha kwamba mwingi wa mwanguko ule unasababishwa na mdudu mmoja wa jamii ya kunguni, mwembamba, mwenye mrija wa kufyonzea, anayechoma vidaka na kuvitia sumu ya mate yake, vikakauka au vikatoa nazi zilizokunjamana na kutoa utomvu. Mdudu huyo hata jina lake la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, limetokana na la mchunguzi wake. Wachache tu kati yao watosha kuuharibu mnazi mzima, na kuwatafuta juu ya kilele cha mnazi ni kazi isiyo tija.

Lakini kuna minazi ambayo mdudu huyo haikaribii, na siri yake ni maji moto. Namaanisha yule chungu mwekundu ambaye kila mtoto aliyepanda mwembe amewahi kuonja uchungu wake, mshonaji wa majani, ambaye huyavuta majani mawili yakakutana, kisha akambeba mtoto wake aliye bado funza, akamtumia kama sindano na uzi, kwa hariri itokayo kinywani mwa mtoto huyo, hata nyumba ikafungika. Maji moto hamvumilii mdudu mgeni katika mti wake. Mnazi wenye maji moto hulindwa mchana na usiku na jeshi lisilodai posho, na vidaka vyake hukomaa. Mgema na mwangushaji humchukia, na nawapa haki yao, kwa maana kupanda mnazi wenye maji moto kifua wazi si jambo la mzaha; lakini mwenye shamba anayewatia moto kwa kumfurahisha mwangushaji ameuza lango lake ili apate ufunguo.

Sasa jeshi hilo nalo lina adui, naye ni chungu mdogo wa rangi ya udongo, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa kupita miili yao, aishiye chini, penye mashina. Palipo na magugu na mimea mingine chini ya minazi, chungu huyu hupata riziki yake hapo hapo ardhini, akatulia. Pakisafishwa pakawa kiwanja cheupe, riziki ya chini hukoma, naye hupanda juu ya mnazi kuitafuta, akapigana na maji moto kwa wingi wa idadi yake, akawashinda na kuwatoa; na yeye mwenyewe hana haja na yule kunguni wala hamfukuzi. Uchunguzi uliofanywa tena Unguja katika miaka ya tisini ulilithibitisha jambo hili: mashamba yenye magugu mengi yalikuwa na maji moto wengi zaidi na nazi zilizoharibiwa chache zaidi kuliko yale yaliyopaliliwa yakatakata. Fauka ya hayo, maji moto hupenda kushona nyumba zake katika miti yenye majani mapana, mwembe, mchungwa, mkarafuu, mkanju, na mahali ambapo miti hiyo imechanganyika na minazi, hata akishindwa katika mti mmoja ana pa kukimbilia. Minazi mitupu, iliyopangwa kwa mstari juu ya ardhi iliyofagiliwa, humnyima vyote viwili, chakula cha adui wake na ngome yake mwenyewe.

Sijui kama kuna wazo lililoigharimu pwani hii nazi nyingi kuliko lile la kwamba shamba zuri ni shamba safi. Mabwana shamba wa kikoloni walilihubiri, waliowafuata wakalirithi, na hata mzee wa kijijini akipita penye shamba lenye majani humcheka mwenyewe kwa uvivu. Uvivu upo, nami siutetei. Lakini katika kadhia hii mvivu alikuwa akilinda nazi zake bila kujua, na mwenye bidii alikuwa akizipoteza kwa jasho la paji lake. Wala faida hiyo si ya mnazi peke yake. Mkanju nao una yule kunguni, pamoja na mwingine ambaye wakulima wa Tanzania humwita mbu wa mikorosho, na maji moto huwawinda wote wawili.

Mahindi yana kisa kinachofanana na hicho. Adui yake mkubwa katika pwani ni kiwavi atoboaye bua, aliyetoka Asia na kuingia Afrika Mashariki katika karne iliyopita, ambaye hapa hakukuta adui wa kwao wa kumzuia. Mwaka 1993 taasisi ya ICIPE yenye makao Nairobi iliachia katika mashamba ya pwani ya Kenya nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Pakistan, atagaye mayai ndani ya mwili wa kiwavi huyo, na watoto wake wakamla kiwavi kutoka ndani. Naye akafaulu kukaa na kuenea. Nyigu huyo, na wenziwe wa kienyeji wafanyao kazi iyo hiyo, hawawezi kuishi kwa mahindi ya msimu. Mvua ya mwaka ikiisha na mabua yakikauka, huwategemea viwavi waliomo katika majani marefu ya mwitu yaotayo mipakani, penye mabonde na kandokando ya vijito. Akijakuja mtu akayafyeka majani hayo yote kwa hoja ya kwamba ndiyo maficho ya viwavi, amevunja nyumba ya mlinzi pamoja na ya mwizi, na anayerudi wa kwanza aghalabu ni mwizi.

Kadhalika mahindi yenyewe yamepungua aina. Mbegu za zamani za Wagiriama, kama Mdzihana na Mingawa, zilichaguliwa na mama wa nyumbani kwa vizazi. Hazikuzaa magunia mengi kama chotara za Pwani zilizokuja kutolewa kwa wakulima wa nyanda hizi, lakini zilipendwa kwa unga wake na kwa namna zilivyokaa darini juu ya moshi wa jiko. Nami siwalaumu waliozibadili, maana mtu mwenye watoto wanane na ekari tatu ana haki ya kutaka gunia la ziada. Ninalosikitikia ni kwamba pamoja na mbegu mpya ilikuja dawa ya kuua magugu, na katika yanayoitwa magugu umo mchunga, umo mnavu, umo mchicha wa mwitu, mboga ambazo mwanamke alizichuma kwenye konde lake mwenyewe alasiri akitoka kulima na kuzitia katika kitoweo cha usiku ule ule bila kutoa senti. Shamba lililonyunyiziwa humpa mahindi, na humpeleka sokoni kununua mboga.

Majaribio ya siku zetu ni makubwa zaidi kwa sababu mashine ni kubwa zaidi. Katika miaka ya sabini serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Australia, ilianzisha mradi wa makazi wa Magarini, makao yake yakiwa Marafa, ikakusudia kuzipa ardhi familia zipatazo elfu nne, ziache kilimo cha kuhamahama cha Wagiriama na kushika kilimo cha kudumu katika ardhi iliyosafishwa kwa tingatinga. Miti iling'olewa, mvua ikawa si ya kutegemewa, visima havikutosha, na udongo ulioachwa wazi ukachoka upesi kuliko hesabu za wataalamu. Australia ilijitoa mwaka 1989, na waliouchunguza mradi huo, Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson, wakauandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1991, kinachoeleza namna nia njema inavyoweza kuharibu nchi. Mwaka 2014 ukaja mradi wa Galana-Kulalu, zikatangazwa ekari milioni moja za kumwagilia, ukaanza na ekari elfu kumi za mfano zilizopandwa mahindi, na mavuno hayakufikia ahadi.

Na udongo wa mashamba yote haya, pamoja na ule utokao Ukambani, una njia moja ya kutokea, nayo ni Sabaki. Kila mvua kubwa bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matofali. Wataalamu waliotoa matumbawe katika bahari hiyo wakayasoma tabaka kwa tabaka, wakachapisha matokeo yao mwaka 2007, waliona kwamba udongo uingiao baharini ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya ishirini, pale bara ilipoanza kulimwa kwa namna mpya, na haujarudi ulivyokuwa. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, lakini matope hayasomi matangazo.

Mwisho nataka kuitaja Dakatcha, nyanda ya miti iliyo kaskazini ya Sabaki, kwa maana hapo ndipo mjadala huu ungali haujaamuliwa. Mnamo mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilitaka hekta elfu hamsini za nyanda hiyo zipandwe mbono tupu, ule ambao wazee huupanda ua na makaburini, ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya kuendeshea mitambo Ulaya. Baadhi ya wenyeji waliutaka mradi kwa ajili ya kazi, wengine wakaukataa kwa ajili ya ardhi. Mabishano yakawa makali, na hatimaye mamlaka ya mazingira, NEMA, yakaukatalia. Tangu hapo hatari haitoki tena katika kampuni kubwa, bali katika makaa na katika mananasi. Nanasi hupenda mchanga mwepesi usiotuamisha maji, na mchanga huo ndio uupendao mrihi, mti mkuu wa Dakatcha; basi mrihi hukatwa, ukachomwa makaa, na mahali pake pakapandwa nanasi tupu, na baada ya misimu michache mchanga ukichoka, mkulima huisogelea mirihi inayofuata. Anayefanya hivyo si adui wa nchi. Ni mzazi anayelipa karo, na hapana aliyemwonyesha zao jingine lenye bei ya nanasi.

Katika mirihi hiyo anaishi ndege wa jamii ya mnana, mwenye manjano na weusi, ambaye wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1913 na ambaye haonekani duniani pote isipokuwa katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa muda wa miaka mia hapakuwa na mtaalamu aliyejua anapotagia. Mwaka 2013 viota vyake vikapatikana katika bwawa la msimu, ndani ya Dakatcha, nje kabisa ya msitu unaolindwa, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni ardhi ya jamii. Arabuko-Sokoke, pamoja na walinzi wake wote, haukuonekana na kiota chake hata kimoja. Kwa hiyo anayetaka ndege huyo abaki hana budi kuketi kwanza na wakulima wa mananasi wa Magarini, na kwenda kwao akiwa na bei mkononi, kabla ya kwenda kwa askari wa msitu.